Nyayo za Mama Mayai

Kila asubuhi alipokuwa akivaa buti, mumewe alimtania. "Mama Mayai, wahi kuku wako wa porini. Hawa wa nyumbani tutawalisha sisi tusio na kazi."

Jina hilo lilitokana na kazi yake. Miaka kumi na mmoja alihesabu mayai ya kwale kwenye nyika iliyopakana na mashamba ya miwa, na hakuwahi kuonja hata moja. Kwale wale hutaga chini, penye nyasi, kama watu wasiojua kwamba duniani kuna wezi. Na kweli zamani hawakuwapo. Nguchiro waliletwa na wenye miwa, ndani ya masanduku, eti wamalize panya. Mtu mwenye akili zake angeuliza kwanza panya hutembea saa ngapi. Panya ni wa usiku, nguchiro wa mchana. Wakawa wanapishana kama walinzi wa zamu, na nguchiro akala alichokikuta: mijusi, vyura, panzi, vifaranga, mayai.

Mwaka huo vilibaki viota vitano. Mkuu wake wa kazi alisema wazi kwamba vikiisha hivyo, ndege hao ndio basi tena. Mama Mayai akaongeza bidii. Badala ya kupita mara moja kwa wiki, alipita kila siku, akiinama juu ya kila kiota na kufunua nyasi kwa mkono. Kiota cha kwanza kikaliwa. Kikafuata cha pili, cha tatu, cha nne, na kila mara alikuta maganda matupu yaliyotobolewa nchani.

"Kikulacho ki nguoni mwako," mumewe alimwambia. "Wachunguze wakata miwa."

Akawachunguza, masikini, akawanunia bure. Usingizi ulimpaa kwa uchungu.

Siku ya tano, akielekea kiota cha mwisho, alisikia nyasi zikichakacha. Akageuka. Nguchiro alikuwa katikati ya njia, hatua kumi nyuma yake, na kiini cha yai kimemkaukia mdomoni. Hakukimbia. Alinusa alama ya buti, akasogea hadi alama ya pili, akanusa tena, kisha akainua kichwa kumtazama, kama mgeni anayesubiri mwenyeji aendelee kumwongoza.

 Alirusha jiwe, nguchiro akaruka pembeni, akarudi palepale. Akampigia simu mkuu wake.

"Ni mimi, bosi. Mimi ndiye ninayempeleka nguchiro."

Mkuu akajibu, "Basi geuka urudi. Usikisogelee hicho kiota."

"Nitarudi. Lakini jana nilikwenda. Na juzi, na siku ya kabla ya juzi."

 Alipoishusha simu, nguchiro alikuwa ameshampita, pua chini, hana haraka, akizifuata nyayo zake za jana.