Akapika kwa Mikono Yake

Juzi baba mmoja aliingia darasani kwangu, katika shule ya sekondari ninayofundisha hapa Manika, Katanga, akiwa mkononi na kitabu nilichomwazima binti yake. Hakubisha hodi. Wanafunzi walikuwa nje kwa mapumziko, nami nilikuwa nakula mihogo na karanga mezani pangu. Alikishika kile kitabu kwa mikono miwili, akakipasua katikati, akazitupa nusu zote mbili juu ya chakula changu.

"Madame," akasema, "mutoto wangu analia mu nyumba juu ya batu benye habaiko. Sisi tuko na bilio bya kweli bya kutosha."

Nilisimama na rula ya mbao mkononi. Nasema kweli, kidogo tu nimpige nayo usoni. Mimi ni mtu wa hasira na sikuanza leo. Lakini sikujua kama ile ni ghadhabu au ni hofu ya kumwona binti yake akiwalilia watu wa kitabuni ambao yeye hawezi kuwaona. Akaondoka. Mihogo nikaitupa.

Watu wazima wanapenda kusema vijana hulilia vitabu kwa sababu bado hawajayajua maisha. Uongo mtupu. Sisi tuliokulia Dilala tuliyajua maisha kabla ya kujua kusoma. Nyumbani tulipigwa kwa mkanda, shuleni tulipigwa kwa mpira wa maji, na ukienda kuokota mawe ya madini karibu na machimbo walinzi walikupiga mateke mpaka unajikojolea. Wachimbaji walipigana kwa sepetu kugombea shimo. Nilimwona kijana mmoja akipitishwa mbele ya nyumba yetu juu ya baiskeli, sikio lake linaning'inia, damu inadondoka mpaka kwenye tairi. Mama akatuita tuingie tule, nasi tukaingia, tukala.

Baba alikuwa amepunguzwa kazi kwenye kampuni ya machimbo. Nyumba ya kampuni ilibaki, kazi haikubaki. Siku zake nzuri alikuwa mtu wa mzaha, anatuchekesha mpaka mbavu zinauma. Siku zake mbaya alimpiga mama. Majirani walisikia, nasi tuliwasikia wao wakipigwa, na asubuhi kila mtu alisalimiana na mwenzake vizuri.

Nilikuwa mwaka wa tatu wa sekondari dada yangu mkubwa aliporudi nyumbani. Alikuwa ameolewa na mchimbaji mmoja aliyepanda cheo akawa mnunuzi wa mawe, kijana mzuri wa sura, mwepesi wa kucheka. Hata mimi nilimpenda huyo shemeji. Dada alishuka asubuhi kwenye taxi-moto, pikipiki ya abiria, jicho moja limejifunga, mkono wa kuume umevimba kama mkate uliozidi hamira.

"Alinipika na mwiko," akasema. "Bukari ilikuwa imepola."

Msomaji wa mbali anisamehe, hapa lazima nieleze. Bukari ni ugali, kupola ni kupoa, batu ni watu, na bibi ni mke. Na huku kwetu Katanga kupiga tunatamka kupika, na kupika chakula nako ni kupika vilevile. Hakuna anayechanganya. Ukisikia amepika bukari, unajua yuko jikoni. Ukisikia amepika mtu, unatafuta wa kumshika mpigaji mkono.

Tulimpeleka kwenye dispensari. Vidole viwili vilikuwa vimevunjika. Muuguzi alivinyoosha kimoja baada ya kingine, mimi nikafumba macho, lakini dada alitazama ukuta na hakutoa hata chozi. Walipomfunga plasta aliuliza jambo moja tu: ni nani atakayempikia mume wake wiki ile. Nilitamani kumzaba kofi mimi mwenyewe.

Shemeji akatuma habari. Jumapili watakuja na wazee wake, na mbuzi, na bia, waje kumchukua. Ndiyo desturi. Wazee wanazungumza, mbuzi anafungwa uani, mwanamke anaitwa, anasema "nimesamehe", anafunga mizigo. Nyumbani wote walijua kwamba atarudi, na yeye mwenyewe alijua. Mimi ndiye sikutaka arudi, kwa sababu safari hii ilikuwa mkono na safari ijayo ingekuwa kichwa. Ila mimi hakuna aliyeniuliza.

Siku hizo nilikuwa na kitabu. Dereva mmoja wa lori, wa kutoka Tanzania, alikuwa amekisahau kwa mama mmoja muuza chakula, na huyo mama akanipa mimi badala ya kuwashia moto. Hakikuwa na jalada wala kurasa za mwanzo. Kilikuwa cha Kiswahili bora, kama tunavyokiita huku, kile cha wenye Kiswahili chao, na mimi peke yangu mtaani ndiye niliyeweza kukisoma bila kujikwaa sana. Mchana wasichana wa jirani walikuja nyuma ya nyumba kusukana nywele, nikawasomea. Dada alikaa mkekani akibangua karanga kwa mkono mmoja. Mama alikuwa kwenye jiko lake la nje na sufuria zake, ametugeuzia mgongo. Hakuwahi kukaa nasi.

Kitabu chenyewe kilihusu mume na mke katika mwaka wa njaa. Mke ameshikwa na homa, mume anazunguka kutafuta kibarua na kila mahali anafukuzwa kwa matusi. Siku ile nilikuwa nimefika pale anaporudi nyumbani jioni, amechoka, amekuta moto umezimika. Nikasoma: "Akamtazama mkewe pale kitandani. Akavua shati, akapika kwa mikono yake mwenyewe. Mkewe akalia."

Ukurasa uliishia hapo. Nikashusha kitabu.

"Njo bile," akasema msichana aliyekuwa anasuka, yaani ndivyo ilivyo. "Banaume ni bamoja. Hata ba mu kitabu."

"Alivua na shati, asipate kuichafula," akasema mwingine, wakacheka.

Na dada, plasta mapajani, akamtetea yule mwanaume. "Mutu anarudia na njala, anakuta bibi analala. Unafikiri atafanya nini? Mi pia ningepikwa."

Hakuna aliyeshangaa. Hata mimi niliyesoma nilisikia kipigo. Nilichukia, lakini sikushangaa, na naona hilo ndilo jambo baya kuliko yote niliyoyasimulia mpaka hapa. Nikafungua ukurasa uliofuata kwa hasira, nijue kama yule mwanamke amekufa.

"Samaki aliyemkopa njiani alipoiva, akamega tonge la ugali, akalipuliza lipoe, akamlisha. Akamega tena. Mkewe alikuwa bado analia."

Aliyekuwa anasuka aliacha mikono kichwani mwa mwenzake. "Ngoja," akasema. "Alipika bukari?"

"Bukari," nikasema. "Hakumupika bibi. Alimupikia chakula."

"Soma tena, ya nyuma," dada akasema.

Nikasoma tena. Akavua shati, akapika kwa mikono yake mwenyewe. Mkewe akalia. Dada akaangusha karanga zote, akaficha uso nyuma ya ile plasta, akalia. Hakuwa amelia kwa mwiko wala kwa muuguzi. Sasa alilia kwa sauti, mabega yanaruka, nasi tukalia pamoja naye, hata yule mchekeshaji wa shati.

Ndiyo sababu yule baba aliyenipasulia kitabu nilishindwa kumjibu kwa maneno machache. Taabu ya vitabuni haituumizi sisi, taabu tunayo, tungeweza kuuza. Kijana anasoma taabu ya watu wengine kwa macho makavu kabisa, kwa kuwa anaijua, mpaka anafika mahali ambapo mtu mmoja ndani ya taabu ileile anawasha moto na kupuliza tonge lipoe. Hapo ndipo anavunjika. Anagundua kwamba ilikuwa inawezekana.

Jumapili wakaja. Wanaume walijaa sebuleni, wanawake tukasimama mlangoni. Shemeji alivaa suti, ananukia. Mjomba wake alizungumza kwa mithali, baba akajibu kwa mithali, kila mmoja akaridhika na mwenzake, na mbuzi alikuwa ameshafungwa uani. Dada akaitwa mbele.

"Mi nitarudia," akasema. "Lakini leo, hapa, yeye apike."

Wazee wakatazamana. "Apike nani?" mjomba akauliza.

"Hapana mutu, tata," dada akamjibu mzee kwa heshima. "Apike bukari. Mukono yangu imevunjika. Apike na mikono yake, mi nikule, batu baone."

Waliangua kicheko. Baba yangu alicheka kuliko wote. Mmoja wa upande wao akasema, "Mumuletee kitenge ya kufunga." Shemeji naye alicheka, kisha akaona ni yeye anayechekwa. Aliinuka bila haraka, akamshika dada zile nywele tulizomsuka, akamgonga uso ukutani. Akamgonga tena. Nilisikia jino likivunjika. Wanaume walikuwa wanasema "acha, acha", na wote walikuwa wameketi.

Kabla sijaendelea, mjue kwamba kwetu mama mkwe na mkwe wake hawagusani. Mama hakuwahi kula mbele ya shemeji. Wakikutana njiani, mama alipita pembeni na kutazama chini. Mkono wa mama mkwe ukimgusa mkwe, ndoa imechafuka, na wengi wanaamini haifai tena kurudiwa.

Mama alitoka jikoni na mwiko wenye bukari ya moto. Alipita katikati ya wazee akampiga nao shemeji shavuni, bukari ikabaki pale inamchoma, na alipofumbua mdomo kupiga kelele akampiga mdomoni. Shemeji akaanguka juu ya kreti za bia. Mama akaendelea kumpiga pale chini, kimya, kama anayetwanga, mpaka mwiko ukavunjika.

Hapo ndipo wote wakasimama. Damu ya dada haikuwa imewaondoa vitini; mkono wa mama uliwaondoa. Mjomba alitema mate nje ya mlango, wakamfungua mbuzi, wakamwinua mtu wao, wakaenda. Hakuna aliyekuja tena kumtaka dada.

Kabla ya giza kuingia baba alifunga mlango wa chumba akampiga mama kwa mkanda. Mimi na dada tuliusukuma mlango kwa mabega, haukufunguka. Tulimsikia akisema, "Umenivula nguo mbele ya batu." Baba ameshafariki, nimemzika na kumlilia, lakini jioni ile sijamsamehe, na sidhani kama nitamsamehe.

Asubuhi nilimkuta mama anakoroga uji kwa kijiko, mdomo umepasuka, shingo ina mistari.

"Mama, ulijua baba atakupika," nikasema. "Juu ya nini ulifanya bile?"

"Yangu nilishazoea," akasema. "Ya mutoto wangu, hapana."

Akakoroga.

"Ule bibi wa mu kitabu," akauliza, bila kunitazama, "alipona?"

Nilikuwa nimekimaliza peke yangu. Ningeweza kumdanganya.

"Hapana, mama. Alikufa."

Alishusha sufuria motoni, akapangusa mdomo kwa kona ya kitenge.

"Lakini ile bukari alikulaka," akasema.