Nguo Nyeupe za Kulwa na Doto

Getruda alipojifungua mapacha, kijiji kizima pale kando ya ziwa kilisubiri ngoma. Kwa Wasukuma wa pale mapacha hawakuwa watoto wa hivi hivi. Lazima wanyunyiziwe maji ya dawa na mama yao aimbiwe matusi hadharani, la sivyo mvua hugoma. Getruda akasema hapana. Kulwa na Doto wangebatizwa, basi.

Heh! Ungedhani ametia sumu kisimani. Mvua ilipochelewa, mkutano wa sungusungu, walinzi wa jadi, ukamtenga. Atakayemsalimu au kumpa moto, faini mbuzi.

"Shikamoo mama," alimwamkia mama mkwe wake, Kashindye, kila asubuhi. Bibi yule aligeuza uso akatema mate. Bombani wanawake walibeba ndoo zao wakaondoka. Mashine ya kusaga ilizimwa yeye akiwa mlangoni na debe lake. Luhende, mumewe, mtu mzima na ndevu zake, alikula kwa mama yake akarudi kulala bila neno. Hata Mzee Obedi wa kanisani alimwambia "Simama imara, dada" akiwa ng'ambo ya ua, macho huku na huku, asije akaonekana. Getruda aliwachukia wote, na alikuwa na haki. Akatwanga mahindi kwa mikono yake, akingoja Jumapili ya ubatizo.

Ijumaa akaenda ziwani kufua nguo nyeupe za watoto, akawaacha wamelala, baba yao mlangoni. Aliporudi, ngoma zilikuwa zinalia kwake. Kashindye alikuwa amewapakata mapacha, wamelowa dawa, na wanawake wanamwimba Getruda matusi, kiungo kwa kiungo cha mwili wake.

"Luhende! Umempa mama yako wanangu?"

"Ni mila tu, mama Kulwa. Imekwisha. Sasa watu watakusalimu."

Kweli, walimsalimu. Walewale wa bombani walimshika mkono wakicheka. Hakumwitikia hata mmoja. Aliwapokonya watoto, akawaogesha mpaka wakalia.

Jumapili alifika kanisani mapema, Kulwa mgongoni, Doto kifuani, nguo zinameta.

"Bwana asifiwe, mzee."

Obedi hakusema Amina. Alisimama katikati ya mlango.

"Tumesikia ngoma kwako. Majina ya watoto tumeyafuta kwenye orodha ya ubatizo. Utubu kwanza."

"Sikuwepo, mzee! Nilikuwa ziwani nafua hizi nguo!"

"Wote husema hivyo, dada. Ngoma haichezwi kwako bila wewe."

"Nimetwanga mahindi wiki sita kwa ajili ya siku hii! Wewe uliniona!"

Obedi aliangalia chini, akafunga mlango. Ndani wakaanza kuimba, na sauti ya Obedi ilisikika juu ya zote.

Getruda alibaki juani. Mvua ilikuwa bado haijanyesha. Kashindye, akitoka kuchota maji, alimwona akasimama, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu watoto wazaliwe.

"Mkwe wangu," aliita, "umeamkaje?"