Kistari Mbele ya Takwimu

Mpwa wangu ana miaka hamsini na miwili, ni muuguzi wa wodi ya watoto, na mwaka huu aliishi wiki sita na kistari. Nasema kile kijistari kifupi kinachokaa mahali pa namba ambayo haijaja. Chuo kilikuwa kimempa alama za masomo manne ya shahada yake ya uzamili, na mbele ya somo la tano, Takwimu, kiliwekwa kistari. Takwimu alikwisha kuanguka mara moja. Akianguka mara ya pili, utaratibu wa chuo ni mmoja tu: anaaga. Miaka miwili ya kusoma kati ya zamu na zamu inakwenda na maji.

Naishi kwake, chumba cha uani, tangu macho yangu yaanze kunigomea. Ni mtoto wa marehemu dada yangu. Kwa hiyo ninayoyasimulia niliyaona nikiwa nimekaa kwenye kiti cha jikoni, kikombe mkononi.

Saa kumi na moja alfajiri anapiga pasi gauni jeupe. Anajaza chupa ya chai, ananikatia mkate vipande vyembamba kwa sababu ya meno yangu. Kisha, kabla hajavaa viatu, anafungua simu. Anaandika neno lake la siri kwa kidole kimoja, herufi moja moja, kama mtu anayechambua mchele. Anatazama. Anafunga.

"Vipi?"

"Kistari, Mjomba."

"Basi huyo mwalimu hajamaliza kusahihisha."

"Labda."

Mchana anatazama tena, akiwa nyuma ya kabati la dawa, na wenzake wodini, waliompa jina la Sista Msomi, hawamwachi. "Sista Msomi, chuo kimejibu? Au na wewe wanakupa kwa dripu, tone tone?" Anacheka nao. Akirudi nyumbani hacheki. Mezani yalibaki madaftari yake mawili ya hesabu na kikokotoo kilichofungwa kwa mpira kisimwage betri, na watu wote wa nyumba tulikula pembeni ya vitu hivyo kama tunakula msibani. Nilimwambia aviweke kabatini. Akasema, "Nikiviweka kabatini, Mjomba, nitakuwa nimeshajijibu."

Mumewe ni dereva wa gari la wagonjwa, mtu wa maneno machache. Jioni moja alisogeza sahani yake apate nafasi, akasema, "Siku hizi nina mwenzangu humu ndani. Anaitwa Kistari."

Mimi nilikuwa na hasira zangu. Nilikuwa mpanga herufi za risasi katika kiwanda cha uchapaji kwa miaka thelathini na mmoja, na dirisha letu lilitazamana na ubao wa matangazo wa chuo. Zamani matokeo yalibandikwa pale, kwa wino, mchana kweupe. Watu walisukumana, mwenye miwani akamsomea asiye nayo, na aliyeanguka alishikwa mkono na wenzake wawili akasindikizwa hadi barabarani. Niliwaona kwa macho yangu. Leo mtu anaanguka peke yake, chooni, simu mkononi. Wanaita maendeleo.

Lakini kuna jambo ambalo siwezi kulisingizia maendeleo. Kila alipofungua ukurasa ule wa chuo, kidirisha chenye ukingo mwekundu kiliruka mbele ya macho yake kikimtaka ajaze fomu. Siku ya kwanza alinionyesha. "Mjomba, hiki nacho nini?" Nilijibu kwa uhakika wa mtu asiyejua: "Kinachojileta chenyewe mlangoni usikifungulie. Matapeli hao." Naye alikuwa amesikia wodini habari za muuguzi aliyebonyeza kitu kama hicho akajuta. Akakifunga. Akaendelea kukifunga kwa wiki sita.

Jumamosi moja baada ya chakula cha mchana, Kiranja alipiga simu. Kiranja ni kiongozi wa darasa lao, ofisa wa magereza, na sauti yake haihitaji simu. Nilimsikia nikiwa upande wa pili wa meza.

"Shikamoo, dada! Mbona jina lako silioni kwenye orodha ya waliochagua wasimamizi wa tasnifu? Jumatatu wanafunga."

"Marahaba. Nitachagua vipi msimamizi, Kiranja, na alama za Takwimu sina?"

"Zilitoka wiki tano zilizopita."

Mpwa wangu alikaa.

"Hujajaza fomu ya mwalimu, dada? Ile ya kumpa yeye alama. Usipompa zake, hupewi zako. Mbona inaruka yenyewe, ina ukingo mwekundu!"

Alipokata simu alinitazama. Mimi nikatazama kikombe changu.

"Matapeli, eh?"

"Kuteleza si kuanguka," nikasema.

"Ndiyo. Wewe umeteleza. Wa kuanguka ni mimi."

Nilikuwa na aibu, na mwenye aibu hupandisha sauti. Nikasema dunia imekwisha. Mwanafunzi ampe mwalimu alama? Tangu lini kuku akamkagua mwenye shamba? Aliniacha nimalize, huku akifungua fomu. Maswali yalikuwa mengi, kila moja linataka namba, moja hadi tano.

Mwalimu mwenyewe ni kijana, kichwa chepesi, miguu mizito. Vipindi vinne hakutokea. Na siku mpwa wangu alipomwomba arudie hesabu moja, alimjibu mbele ya darasa zima: "Mama, hapa si wodini. Hatumsubiri mgonjwa." Siku hiyo alirudi akala bila kujua anakula nini.

"Nimpe tano tano kote, nimalize?" akauliza.

"Mpe. Alama zako ziko mikononi mwake."

"Zimeshatoka, Mjomba. Hawezi kuzigusa tena."

"Na akijua ni wewe?"

"Wanasema majina hayaonekani." Akafikiri. "Ingawa bibi mwenye miwani ya kamba darasani ni mmoja."

"Basi mpe tano. Mwalimu ni mzazi."

Akaiweka simu mezani, juu ya madaftari. "Mjomba. Yule wa darasa lako la nne, ungempa ngapi?"

Anajua habari ile kutoka kwa mama yake. Mimi sikumwambia kamwe. Mwalimu yule alinitoa darasani kwa kuandika kwa mkono wa kushoto. Alisema nirudi nikipata mkono. Sikurudi. Kusoma nilijifunzia kiwandani, herufi za risasi zikiwa kinyumenyume, na tangu hapo nimewaambia watu wote wanaotaka na wasiotaka kusikia kwamba walimu wa zamani ndio walikuwa walimu.

"Mbili," nikasema.

"Za nini?"

"Moja ya mwandiko. Alikuwa na mwandiko mzuri sana. Nyingine, alikuwa akiwahi kazini."

Alicheka hadi akavua miwani. Kisha akaivaa na kujaza, taratibu, kama anavyojaza karatasi ya mgonjwa mwisho wa zamu. Kuwahi darasani: moja. Kulijua somo: tano. "Hapo simdhulumu," akasema. Kuwaheshimu wanafunzi: alikaa sana hapo. Mbili. Chini kulikuwa na nafasi ya maoni. Aliandika, akafuta, akaandika tena, kisha akanisomea:

"Analijua somo kuliko yeyote niliyewahi kumwona. Vipindi vinne hakuja. Akituuliza tulipokwama badala ya kutucheka, atakuwa mwalimu mzuri sana."

Nilimshauri aondoe "sana". Akakataa, akabonyeza.

Simu ilizungushazungusha kiduara chake. Niliuona mkono wake, mkono unaochoma sindano watoto wachanga bila kutikisika, ukitafuta ukingo wa meza. Kistari kikatoweka.

"Hamsini na nne," akasema.

Anayepita ni mwenye hamsini. Nilitaka kupiga kelele lakini uso wake haukuwa wa kelele. Alikuwa bado anaitazama namba.

"Ningeiona hii kwanza, Mjomba, nisingeandika yale."

"Ungeandika nini?"

"Ningemshukuru. Hizi nne za juu zingeniziba mdomo."

Nimelifikiria neno hilo siku nyingi. Ule ubao wa zamani bado naulilia. Mtu asinihubirie kuhusu simu. Lakini kama ulikuwa na mahali ambapo mwanafunzi angeandika lake kabla ya kujua amepewa nini, mimi sikupaona, na dirisha langu lilitazamana nao miaka thelathini na mmoja.

Alichagua msimamizi saa ile ile, mama mmoja mkali ambaye Kiranja alimwonya amkwepe. Kisha akakusanya madaftari na kikokotoo, akafuta meza kwa kitambaa chenye maji, mara mbili.

Mumewe aliporudi, aliweka funguo za gari, akaiona meza.

"Mwenzangu kahama?"

"Kahama."

Akavuta kiti, akakaa katikati.