Kibuyu cha Kuagia Dhambi

Mama mkwe wangu hakumruhusu mtu amalize kusema jambo kabla yeye hajamtupia swali. Mwalimu wa dini alilijua hilo. Kila alipofungua kitabu alimtazama yeye kwanza, kama mtu anayetazama mawingu kabla ya kuanika maharage.

Ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari, serikali ya kikoloni ilipopambana na wapiganaji wa msituni. Tulikuwa tumetolewa mashambani kwa nguvu na kurundikwa katika kijiji kilichozungushiwa handaki, juu kidogo ya Kianjokoma. Mume wangu alikuwa kizuizini, nami nikabaki nyumba moja na mama yake na mtoto wangu wa kunyonya. Asubuhi tulichimba handaki tukisimamiwa na homgadi, mlinzi wa kijiji aliyewekwa na serikali, mchana tuliruhusiwa saa mbili tu za kwenda kutafuta chakula, na Alhamisi tulisoma dini. Mama mkwe alikuwa amengojea ubatizo miaka mitatu. Mara mbili mwalimu alimrudisha kwa sababu ya maswali yake.

Alhamisi moja mwalimu alitueleza habari za mtume aliyewaandikia Wakristo wa Rumi kwamba, kwa kuwapenda ndugu zake, alitamani yeye mwenyewe alaaniwe na kutengwa na Kristo, mradi wao waokoke.

"Na akatengwa?" mama mkwe akauliza.

"Hapana, mama. Alitamani."

"Kumbe alitamani tu."

"Huo ni upendo mkubwa, mama."

"Sijakataa. Hata mimi natamani homgadi atuchimbie handaki."

Tuliinama tukacheka kwenye khanga zetu. Mwalimu alifunga kitabu, nami nikajua mama mkwe amerudishwa mara ya tatu. Lakini mwalimu alikuwa mtu wa haki, na orodha iliposomwa mama mkwe alikuwemo, pamoja nami. Tungebatizwa baada ya Jumapili moja.

Sasa nifike kwenye ujinga wangu. Nilikuwa na miaka ishirini, na niliona si adabu kuachana na dhambi bila kuagana nayo. Nilitwanga miwa, nikaweka maji yake kibuyuni pamoja na tunda la muratina, lile linalochachua pombe. Nilipanga na wasichana wanne tuliochimba nao handaki tupige funda moja moja, kisha tubatizwe tukiwa hatuna deni na shetani. Pombe hutaka joto, na moto wa nyumbani ulikuwa chini ya macho ya mama mkwe. Kwa hiyo nilikifukia kibuyu kwenye lundo la samadi nyuma ya mstari wetu wa nyumba. Samadi ina joto zuri. Nilijiona mwerevu sana.

Nilisahau kwamba pombe haina siri. Siku ya tatu ilirusha kizibo chake cha majani ya mgomba, povu likamwagika juu ya lundo, na harufu ikamfikia homgadi akiwa njiani.

Alituita wote wa mstari ule, kibuyu mkononi. Alisema mwenyewe ajitokeze achukuliwe hadi kituoni, la sivyo mstari mzima ungefungiwa ndani juma zima bila kwenda kutafuta chakula. Nyumba kumi na moja, na kila nyumba ina watoto. Nilijua ni lazima niseme. Mtoto alikuwa mgongoni, nilimsikia akipumua shingoni mwangu, na mdomo haukufunguka. Nasema ukweli: niliogopa.

"Ni changu," mama mkwe akasema.

Mwanamke ambaye hajawahi kuonja pombe. Hata homgadi alisita kidogo. Kwa sababu ya umri wake hakumpeleka kituoni, alimpa kuchimba handaki peke yake kwa wiki mbili. Mwalimu alifuta jina lake. Nyumbani sikuweza kumtazama. Nilianza kusema, akanikatiza: "Mtoto ananyonya kituoni? Haya, leta kuni."

Jumapili ile nilibatizwa. Yeye alikaa nje ya kanisa, amempakata mwanangu.

Miaka miwili baadaye alirudishwa darasani, nami nikachaguliwa kuwa mama yake wa ubatizo. Mwalimu alikuwa na desturi yake: aliyewahi kufutwa husimama mbele ya darasa zima aseme kosa lililomfuta. Mama mkwe alisimama.

"Nilisema uongo," alisema. "Kibuyu hakikuwa changu."

Mwalimu aliweka kalamu chini. "Kilikuwa cha nani?"

"Mwalimu, nimeleta dhambi yangu. Ya mtu mwingine ataileta mwenyewe."

"Usipomtaja, mama, siwezi kukuandika."

Mama mkwe hakuuliza swali hata moja. Alichukua kigoda chake na kuanza kwenda mlangoni, polepole, maana magoti yake hayakupona baada ya lile handaki. Miaka mitano ya kungoja, na alikuwa anauacha ubatizo kwa mara ya pili, kwa ajili yangu. Nilimpenda, na nilijichukia.

"Kilikuwa changu," nikasema.

Mama mkwe aligeuka.

"Miaka miwili," akasema. "Hata pombe haikai hivyo."

Nilivuliwa umama wa ubatizo siku hiyohiyo. Jumapili ya ubatizo wake nilikaa nje ya kanisa, mahali palepale alipokaa yeye, na mwanangu akichezea mawe miguuni pangu. Nilisikia wakiimba ndani. Nilijiambia nimestahili, nikafuta machozi.

Halafu mlango ukafunguka kabla ibada haijaisha. Alitoka mama mkwe, maji bado yanamchuruzika kichwani, akamnyanyua mtoto.

"Ingia," akasema.

"Mama, nimekatazwa."

"Hukukatazwa kuingia, ulikatazwa kusimama nami. Nimemuuliza mwalimu."

"Katikati ya ibada?"

"Nimemuuliza mpaka akachoka. Ingia, wanatungoja."