Mtoto wa Kuazima

Wageni wakija kwangu husifia madirisha. Kweli ni makubwa, maana aliyeyaweka alikuwa fundi cherehani na alitaka mwanga wa kutosha wa kutunga uzi. Wanauliza, "Nyumba kama hii mliipataje siku hizi?" Mume wangu hujibu, "Bahati tu," halafu ananitupia jicho. Mimi najitia hamnazo, nawauliza kama chai imekolea sukari.

Haikuwa bahati. Niliipata kwa uongo, mchana kweupe, na niliyemdanganya ni mtu ambaye ukikaa umtafutie kosa utachoka wewe kwanza. Kwa hiyo nikimsimulia yeye, najisimulia na mimi. Sina namna ya kututenganisha.

Mtaa mzima ulimwita Mama Sare. Miaka thelathini na minane alishona sare za shule kwenye chumba cha mbele, na kila mtoto wa mitaa ile amewahi kusimama pale juu ya kigoda, mikono juu, akipimwa kifua kwa ile futi yake ya kitambaa iliyofifia namba. Alikuwa na maneno. "Mwaka jana ulikuwa na mabega ya kifaranga, leo yamekuwa ya mtu," anamwambia mtoto, na mtoto anatoka pale kajaa kichwa. Kila sketi na kila suruali aliiachia upindo wa vidole vinne kwa ndani, ili mzazi aufumue mtoto akirefuka badala ya kununua nyingine. Mafundi wenzake walimcheka kwamba anajifukuzia wateja. Akawajibu kwamba yeye anashonea watoto, hashonei mafundi.

Hakujaliwa kuzaa, na mumewe alifariki mapema. Lakini nyumba ile haikuwahi kukaa kimya. Watoto waliosubiri vifungo vyao walifanya kazi za shule juu ya meza ya kukatia vitambaa, na wengine walisubiri hata kama hawakuwa na kifungo cha kusubiri. Ndipo magoti yakamgomea, kwa sababu ya kukanyaga cherehani miaka yote hiyo, na mtoto wa kaka yake akamwambia, "Shangazi, njoo ukae kwangu." Akaamua kuuza.

Wakati huo mimi na mume wangu tulikuwa kiguu na njia. Mimi ni mpokezi kwenye kliniki ya meno, yeye anaendesha mashine ya kubeba mizigo ghalani. Tulipanga sehemu moja miaka kumi na moja, mpaka mwenye nyumba akatuambia mwanawe anaoa na anahitaji vyumba vyetu. Tukaanza kutafuta ya kununua. Usiombe yakukute. Dalali anapiga simu asubuhi, unaomba ruhusa kazini, unafika unatweta, unakuta aliyekutangulia anatoka na dalali wakipeana mikono. Nyumba moja tuliikosa nikiwa getini nafunga kamba ya kiatu. Sita zilitupita hivyo. Ilifika mahali nikawa nawachukia watu nisiowajua, kisa wamesimama mbele ya nyumba na karatasi mkononi.

Siku dalali aliponiambia habari za Mama Sare, alinionya kwanza. "Huyu mama hauzi kwa dau. Kuna bwana alitaja bei ya kutisha, anataka kubomoa ajenge ghorofa, kamtoa mbio. Anasema nyumba yake iingie mtoto. Nyinyi mna mtoto?"

"Tunaye mmoja," nikasema.

Sitaki kumsingizia shetani. Neno lilitoka kinywani mwangu, na nilipolisikia ningeweza kulirudisha. Nikamuuliza tuje saa ngapi. Nyumbani mume wangu aliponisikiliza alisema, "Hii itatutokea puani." Kisha akaenda kupiga pasi shati lake jeupe.

Mtoto mwenyewe alikuwa wa mdogo wangu wa kike. Alikuwa na miaka sita, tunamwita Chiriku kwa sababu akianza kuongea hana kituo. Yeye na mama yake wanaishi chumba kimoja nyuma ya duka la kushona viatu, pazia katikati, upande huu kitanda, upande ule jiko. Mdogo wangu anasafisha maofisi. Nilimwambia nampeleka mtoto kutembea, akanishukuru na kumsuka nywele upya.

Njiani nikamnunulia Chiriku aiskrimu, nikamwambia, "Leo usiniite mama mkubwa. Niite mama."

"Kwa nini?"

"Ni mchezo."

"Mpaka lini?"

Pale ndipo nilipopaswa kugeuza njia. Na najua utakachoniambia, kwamba mtoto wa mdogo wangu ni mwanangu, mama mkubwa naye ni mama. Usinipe utetezi huo. Nimejipa mwenyewe mara elfu na haukai. Kama ningekuwa naamini hivyo, nisingemwambia mtoto abadilishe neno.

Tulipofika, muuguzi mmoja aliyekuja naye kuiona nyumba alikuwa anatoka na wanawe wawili, bado amevaa nguo za zamu, macho mekundu ya usingizi. Tulisalimiana. Mama Sare, kabla hata salamu zetu hazijaisha, alikuwa ameshampandisha Chiriku kwenye kigoda, futi kifuani. "Huyu atakuwa mrefu," akasema. "Ana mifupa ya kurefuka." Akamwambia akazunguke nyumba achague chumba atakacholala.

Chiriku akakimbia. Tulimsikia akifungua hapa na pale, kisha akarudi akamshika Mama Sare mkono, akampeleka kwenye chumba kidogo cha nyuma, kile ambacho dirisha lake linatazama tangi la maji la jirani. Kuna vyumba vizuri zaidi ya hicho.

"Kwa nini hiki?" Mama Sare akamuuliza.

"Kina mlango wake."

Mama Sare alicheka mpaka akajifuta machozi. Mume wangu naye akacheka. Mimi sikuweza, maana nilijua kwa nini mtoto yule aliona mlango ni kitu cha kusifia.

Jioni ile dalali akatupigia simu kwamba nyumba ni yetu. Siku ya kutia sahihi, Mama Sare aliuliza, "Mrembo wangu yuko wapi?" Nikasema yuko shuleni. Ilikuwa Jumanne, kwa hiyo uongo ulikaa vizuri. Kalamu ilikuwa mkononi mwangu na yule mama alikuwa ameketi mbele yangu, karibu kiasi cha kumgusa goti. Nikatia sahihi.

Tulihamia. Nilijikaza nifurahi. Nilipaka rangi, nikanunua mapazia, nikawa naosha madirisha kila Jumapili kana kwamba nimetumwa. Chumba cha nyuma tukaweka ubao wa kupigia pasi, masanduku, na feni mbovu ambayo mume wangu ataitengeneza siku moja, tumwombee uzima. Sikumwalika mdogo wangu kwa muda mrefu. Alipokuja, nilimpokea sebuleni, na Chiriku nilimtuma dukani.

Sikukumbuka kwamba fundi akishachukua kipimo, kwake ni ahadi. Shule zilipokaribia kufunguliwa, Mama Sare akaja na kifurushi. Sketi mbili, mashati mawili, sweta. "Za mrembo wangu. Yuko wapi?" Nikasema yuko kwa mama yake mdogo. Unaona nilivyokuwa? Nilimgeuza mama aliyemzaa kuwa mama mdogo, na uso wangu mkavu. Nilitaka kulipa, akakataa kabisa, akasema toka aondoke hana mtoto wa kumshonea.

Nguo zile nilizipeleka kwa mdogo wangu. Akaniuliza nimezitoa wapi, nikasema nimeshonesha. Akanishika mikono yote miwili. "Dada, Mungu akuzidishie. Nilikuwa sijui nitaanzia wapi." Nikazipokea shukrani zisizo zangu, nikaondoka nazo. Nilijisikia mwizi aliyeagwa kwa baraka.

Mwaka wa pili ikawa vilevile. Mama Sare alikadiria tu kwa akili jinsi mtoto alivyorefuka, na sketi ikamkaa Chiriku kama ameshonewa akiwa amesimama pale. Mara ngapi nilisema leo nitamwambia. Nilikuwa naandaa maneno kazini, katikati ya wagonjwa wanaoshika mashavu, na mpaka nifike nyumbani yameyeyuka. Niliogopa nini? Nyumba hangeweza kuirudisha. Niliogopa uso wake tu, wa siku ambayo angenijua.

Mwaka huu, mwaka wa tatu, akanipigia simu. Macho yamepungua nguvu, anashona hizi za mwisho, na mtoto wa miaka tisa hakadiriki, lazima ampime mwenyewe. Atakuja Jumamosi asubuhi.

"Mwambie ukweli," mume wangu akasema.

"Nitamwambia wiki ijayo. Jumamosi apimwe kwanza."

"Unamleta mtoto tena?"

Jumamosi nikaenda kumchukua Chiriku. Mama yake alikuwa anafua nje, akatupungia mkono wenye povu. Mtoto alikuwa amebeba begi mgongoni, na njia nzima, yeye ambaye hanyamazi, hakusema neno. Nikamuuliza begi la nini.

"Nguo ya kulalia na mswaki," akasema. "Ulisema ni mchezo. Nilikuwa nasubiri uishe ndipo nihamie."

Miaka mitatu nilikuwa nahangaika na aibu yangu kwa yule mama mzee, nikadhani huyo ndiye niliyemkosea. Huyu wa kando yangu, niliyemnunulia aiskrimu, sikumfikiria hata mara moja. Ningerudi naye pale pale. Lakini Mama Sare alikuwa ameshafika, mume wangu ameniandikia ujumbe kwamba wanakunywa chai. Tukaendelea.

Chiriku alimsalimia shikamoo, kisha akapita moja kwa moja mpaka nyuma. Nilisikia mlango ukifunguliwa. Alikaa huko kidogo, akarudi polepole na begi lake bado mgongoni. Mama Sare akamwambia asimame wima, akampima kifua, kiuno, urefu wa sketi, akiisogeza futi karibu na macho kusoma namba.

"Na chumba chako bado unakipenda?" akamuuliza.

Chiriku akanigeukia. "Mama mkubwa," akasema, "niseme nini?"

Mume wangu akaweka kikombe chini. Mama Sare alinitazama mimi, akamtazama mtoto, na futi ikabaki imening'inia mkononi mwake. Nikamwambia yote. Sikupamba. Nilimwambia mtoto si wangu, sina mtoto, nilimwazima kwa asubuhi moja, mama yake hajui lolote, na nguo zake za miaka yote miwili nilizipeleka kwa jina langu. Nilikuwa nalia, na nilichukia kwamba nalia, maana sikustahili kuonewa huruma na mtu yeyote mle ndani.

Hakupaza sauti. "Yule muuguzi nilimpigia simu mwenyewe kwamba nyumba ameikosa," akasema. "Alilia. Nikamwambia asilie, nyumba imepata mtoto, kashachagua hata chumba." Akaikunja futi. "Huyu amewahi kulala hapa?"

"Hapana."

"Hata siku moja?"

Nikatikisa kichwa. Nilisema nisamehe, nilisema tutakisafisha chumba leo hii hii, atalala, atakuja kila wiki. Maneno yalikuwa yanamiminika na mwenyewe nilisikia yalivyo ya mtu anayetaka kupona haraka. Mama Sare alikuwa ameinama kwa Chiriku, anamrekebisha ukosi.

"Mnakaa wapi, mwanangu?"

"Nyuma ya duka la kushona viatu."

"Mama yako yupo?"

"Yupo, anafua."

"Nipeleke nikamsalimie. Sweta yako nataka mama yako ndiye achague urefu wa mikono."

Akasimama kwa shida, ameegemea meza. Nilikurupuka nikachukua mtandio na funguo. Ni mbali, nikasema, na kuna ngazi pale mwisho wa barabara, magoti yako hayatakubali, acha niwapeleke, halafu mdogo wangu nimwambie mimi mwenyewe.

Chiriku alikuwa ameshampa bega la kushikia. Wakatoka hivyo, mmoja anachechemea na mwenzake anamsubiri, na Mama Sare akasema bila kugeuka, "Hapana, wewe baki. Hapa ni kwako."