Drayera ya Dada

Mtaani walimwita Bibi Hapana, na jina hilo hakulichukia. Alikuwa fundi wa vyombo vya umeme, mwenye meza moja kwenye kibaraza cha saluni ya dada yake. Aliyemletea pasi akitaka iungwe hivyo hivyo tu iwake, aliondoka nayo kama ilivyokuja. Walisema ana kichwa kigumu. Alikuwa nacho kweli, na afadhali. Nyumba nyingi zimeteketezwa na watu wasiojua kukataa.

Siku moja drayera ya kofia, ile ya kukaushia nywele, ilizimika bibi harusi akiwa chini yake, nywele bado mbichi. Dada akamwita mdogo wake. Fundi alichomoa plagi ukutani kwanza, akaifungua, akakuta fyuzi imekatika. Hakuishia hapo. Aliupapasa waya mpaka akafika pale mguu wa kiti ulipokuwa ukiukanyaga: ganda limepasuka, shaba inachungulia.

Dada hakutaka habari za waya. Alikuwa na dawa yake, ile ile ya mtaa mzima: karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, unaiviringishia fyuzi iliyokufa, kazi inaendelea. Alipoona mkono wa mdogo wake haunyooki kuipokea, akatoa fyuzi ya birika la umeme. Fundi akamwonyesha kibandiko nyuma ya drayera: ampea tano. Ya birika ilikuwa ya kumi na tatu. Waya ungeungua kabla fyuzi hiyo haijakatika.

"Fyuzi ni fyuzi," dada akasema. "Mimi nimekubeba mgongoni, leo unanisomea namba?"

"Ulinibeba nisiungue jikoni, dada. Na huyu aliyekaa hapa naye ana wa kwao waliombeba."

Wasusi wakacheka chini chini. Dada hakucheka. Akamwambia achague: aviringishe karatasi, au aondoe meza yake kibarazani.

Fundi akachukua koleo, akaukata waya mbovu shingoni mwa mashine, asije mwingine akaiwasha yeye akishatoka. Kisha akajitwika meza, akavuka barabara. Nyuma yake bibi harusi alitoka na rola zake kichwani, akaketi juani, shangazi yake akimpepea na kununa.

Wasusi wakawa wanapita wakimsuta kwamba amemwaibisha aliyemlea. Yeye akaendelea na pasi zake. Kulelewa ni deni la heshima, si ruhusa ya kuwachoma watoto wa wenzio.

Siku kadhaa baadaye dada alivuka mwenyewe, drayera kaikumbatia, waya mpya begani. Hakusalimia.

"Haya, tia unavyotaka wewe."

"Nitatia inavyotaka mashine."

Alifunga waya, akatia fyuzi ya ampea tano, akaijaribu mbele yake hadi hewa ya moto ikatoka. Dada akauliza, macho yakiwa barabarani, meza itarudi lini kibarazani.

"Hapa pananifaa, dada," fundi akasema, akavuta pasi iliyofuata.