Hodi niliyopiga kwenye nyumba za mgodi

Leo nimepiga hodi kwa mzaha, nikaitikiwa. Mpaka sasa najuta.

Mimi na rafiki yangu Rehema tulitoka Kiembeni asubuhi na pikipiki, tukafuata ile njia ya vumbi nyuma ya Mazeras hadi kwenye mgodi wa zamani. Ulifungwa hata hatujazaliwa. Nyumba za wafanyakazi nyingi zimebaki kuta, miti imeota ndani.

Nikawasha video.

"Jamani, huu ndio mji wa mizimu!"

Nikagonga mlango wa nyumba ya mwisho.

"Hodi, mizimu!"

"Karibu," sauti ikatoka ndani.

Rehema alikimbia, wallahi. Mimi nikabaki mlangoni na simu yangu.

Akatoka mama mmoja, kajifunga leso, mikono imejaa unga. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba. Kisha akaniomba radhi, eti hajafagia.

Yeye ndiye aliyeniomba radhi mimi!

Akataka nimwonyeshe ile video niliyokuwa nikipiga. Nyinyi mngemwonyesha?

Nikamwambia simu imezima, haina chaji.

"Ingia basi uiweke chaji, mwanangu," akasema, akinifungulia mlango wote. "Sola tunayo."